Hesabu za Miguuni

Saa mbili kasoro asubuhi, mwalimu wa darasa la kwanza anasukuma madawati ukutani. Goti la kushoto linamuuma, lakini wala hajali! Anachora mstari wa namba sakafuni, kisha anaita, "Tisa toa nne! Nani anarudi nyuma?"

Watoto sabini wote wanataka. Binti wa fundi cherehani anasimama kwenye tisa, anaruka kinyumenyume mara nne. "Tano, mwalimu!" Darasa linalipuka kwa makofi. Mwalimu wa darasa la jirani anagonga ukuta. Kelele hizi ndizo zilizompa mwanamke huyu jina la Mama Rukaruka.

"Mtoto hana kichwa tu," anasema akijifuta jasho. "Kwa nini akiingia darasani miguu iachwe nje kama ndala?"

Muhula uliopita mambo yalimgeukia. Siku ya mtihani watoto walikalishwa, wakaambiwa wasijitikise. Lo! Wale waliokuwa moto sakafuni wakabaki kuikodolea macho karatasi. Zaidi ya nusu walifeli. Binti wa fundi cherehani aliandika jina lake tu, akalia.

"Niliwafundisha kuruka, sikuwafundisha kukaa," anasema bila kuzunguka.

Mwalimu mkuu hakumficha. "Dada, nakuheshimu. Ila wakifeli tena, madawati yanarudi katikati, na mambo ya kuruka basi."

Mtihani ni Ijumaa hii.

Angekuwa mwingine angenyoosha mikono. Yeye amekaza uzi. Sasa kila hesabu inaanza kwa kuruka, inahamia kwenye vidole vya mikono, halafu inashuka kwenye vidole vya miguu, ndani ya viatu, mtoto akiwa ametulia tuli kwenye dawati. Watoto wanauita mchezo huo "kuruka kwa siri."

Jioni mumewe, fundi baiskeli, humkanda goti na kumtania. "Mke wangu, utastaafu ukitambaa."

"Nitatambaa, na hesabu nitafundisha hivyohivyo."

Juzi aliwapa jaribio. Binti wa fundi cherehani alikaa kimya, akaandika, akapata zote. Mwalimu alitoka nje kidogo, akalia kwa furaha.

Wakifaulu, ataomba na darasa la pili lisukume madawati. Ijumaa atasimama mlangoni.

"Wengine watatazama kalamu," anasema. "Mimi macho yangu yako chini. Nikiona viatu vinachezacheza, roho yangu itatulia."