Punje Mbili za Buni Moja

Auleria Kokwijuka hakujaliwa ulimi mtamu, na hakuna aliyetarajia kwamba siku moja angekuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Ana. Walimchagua kwa sababu wengine wote walikataa. Miaka ile ya ukimwi kazi ya jumuiya haikuwa rozari tu. Karibu kila kibanja kilikuwa na kaburi bichi katikati ya migomba, na nyumba nyingine zilibaki na watoto peke yao. Wanajumuiya wakagawana: hawa wapalilie, hawa wateke maji, hawa wakawaogeshe wagonjwa. Auleria ndiye aliyepanga zamu, na aliyekwepa zamu yake alifuatwa mpaka mlangoni.

"Wewe Domitila, mgongo huo unauma siku ya palizi tu? Kwenye harusi juzi ulikuwa unacheza na mgongo wa nani?"

Domitila alinung'unika, akachukua jembe, akaenda.

Kulikuwa na jambo moja ambalo jumuiya haikulijua. Auleria mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo huo, aliouachiwa na marehemu mumewe. Dawa alizifuata mbali, wilaya nyingine kabisa, na akiondoka aliaga kwamba anakwenda kumsalimu dada yake. Hakuwa mwoga, ila wenzake aliwajua. Mgonjwa akishajulikana, wataogesha mwili wake, watampalilia shamba, watamwombea hadi machozi yawatoke, lakini hawatamwuliza tena ushauri wa jambo lolote. Auleria alipenda kuulizwa.

Mwaka huo zamu nzito ilikuwa nyumbani kwa Kristina, mjane wa Onesmo. Kristina alikuwa amechelewa sana kuanza dawa, na sasa hata kugeuka kitandani alihitaji mtu. Alikuwa na watoto watatu, mkubwa wao msichana wa miaka kumi na mitatu, Kokubelwa. Shemeji yake, Mzee Tibaigana, ambaye ndiye kichwa cha ukoo, alikuwa ameshawagawa watoto hao mama yao angali hai: mvulana aende Mwanza, wa katikati apelekwe Karagwe, Kokubelwa akampikie yeye mzee. Kibanja angekilinda mwanawe. Jumuiya ilipomwomba awaache watoto wakae pamoja, nayo ipeleke mama wa kulala nao, alijibu kwa upole kwamba kibanja cha ukoo hakikaliwi na mgeni.

Asubuhi moja Auleria alikuwa akimwosha Kristina miguu. Kristina akasema, "Auleria, tuchanjiane."

"Tuchanjiane nini?"

"Omukago."

Auleria akaacha kitambaa kizame ndani ya beseni. Omukago ni undugu wa kula kiapo. Watu wawili huchukua tunda moja la buni lenye punje mbili, kila mmoja akachanja karibu na kitovu chake, akaipaka punje damu yake, akammezesha mwenzake. Tangu hapo hao ni ndugu kuliko wa tumbo moja. Ukoo wa huyu haumfukuzi yule, na atakayesaliti huvimba tumbo mpaka afe. Kanisa lilipiga marufuku jambo hilo tangu enzi za mababu, na ugonjwa huu ulipoingia, hata wasiosali waliacha.

"Katekista atanifukuza," Auleria alisema.

"Wewe utafukuzwa na katekista. Wanangu watafukuzwa na Tibaigana."

"Na hiyo damu yako, mwenzangu?"

"Mgonjwa anamjua mgonjwa, waitu. Ni dada gani huyo unayemsalimu kila mwezi, naye hajaja kukusalimu hata mara moja?"

Auleria alicheka, kisha akalia, na alipomaliza kulia alikwenda kuchuma tunda la buni nyuma ya nyumba. Wakachanjiana, kila mmoja kwa wembe wake.

Haukupita mwezi, Kristina akafa.

Siku ya kuanua matanga wazee waliketi juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni, wakatafuna kahawa, na Mzee Tibaigana akatangaza nani anakwenda wapi. Kifurushi cha mvulana kilikuwa kimeshafungwa na kuwekwa karibu na mlango. Auleria akasimama.

"Watoto hawaendi popote. Mama yao na mimi tulikula omukago."

Wazee walicheka. Tibaigana hakucheka.

"Omukago wa maneno au wa damu?"

"Wa damu."

"Auleria, wewe ni mtu wa sala. Usiongope kwenye msiba. Hakuna mwenye akili timamu anayemeza damu ya mgonjwa wa namna ile. Kama hamkumeza damu, basi hakuna kitu. Keti, mama, tumalize."

Katekista Feliksi, aliyekuwa ameegemea mlango, naye akamsihi kwa sauti ya chini, "Mwenyekiti, sema tu hamkufanya, ukae."

Njia ilikuwa wazi. Angeketi, angebaki na siri yake, uenyekiti wake na Komunyo yake, na watoto wangetawanyika kabla ya jua kuzama. Kokubelwa alisimama karibu na ukuta, amemshika mdogo wake kwa nguvu mpaka mtoto akawa anajinyonganyonga.

"Nilimeza," alisema Auleria. "Sikuwa na cha kuogopa. Damu yangu ni kama yake, tangu mume wangu alipokufa." Akainua pembe ya blauzi wakaiona chale.

Domitila, aliyekuwa ameketi hapo kando, akavuta goti lake pembeni.

Tibaigana alikuwa mtu wa tamaa, lakini kiapo alikiogopa kuliko sheria ya serikali. Alitafuna punje moja ya kahawa, kisha ya pili.

"Omukago haupingwi," alisema hatimaye. "Watoto wabaki. Wewe ukae nao."

"Na akifa je?" mzee mwingine aliuliza.

"Nikifa mtaitana tena," Auleria alijibu. "Vikao mnavipenda."

Jumapili iliyofuata alivuliwa uenyekiti, akaambiwa asikaribie Komunyo mpaka aungame kwa padri. Akasema sawa. Ilimuuma kuliko wembe, na hakumficha mtu kwamba ilimuuma.

Jumuiya haikuacha zamu zake. Wiki hiyo hiyo walikuja wanawake saba na majembe, wakaipalilia migomba ya marehemu Kristina vizuri sana, na Auleria akawapikia ndizi na maharage chungu kizima. Walipomaliza, Domitila alisema kwamba yeye alikula nyumbani. Na wa pili alikula nyumbani. Wote saba, ajabu, walikuwa wamekula nyumbani. Wakaaga kwa adabu, wakaondoka.

Auleria alibaki amesimama na upawa mkononi. Kokubelwa alitokea mlangoni.

"Mama Auleria, kwa hiyo na wewe utakufa?"

"Nitakufa. Lakini si leo. Leo kuna chungu kizima cha ndizi na hakuna wa kula."

Msichana aliitazama njia waliyoondokea wanawake, akakitazama na chungu. Kisha akanawa mikono, akawaita wadogo zake, akaketi chini, na akaanza kula.