Lenzi Aliyoichagua Josephine

Josephine, mke wa Zachary mpiga picha, alikuwa na wivu ambao Garsen nzima iliujua. Nasema hivi mimi niliyekuwa na cherehani mlango wa pili, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mabati. Zachary akicheka na mteja wa kike, Josephine anakohoa. Mteja akichelewa kutoka studio, Josephine anaingia na ufagio, anafagia pale pale penye miguu yake. Mimi mume wangu alikwenda Mombasa akapata nyumba nyingine huko, basi sitaficha: hata huo wivu wake niliuonea wivu. Mwenzangu alikuwa na mume wa kulindwa.

Zamani angalau alikuwa akipumua. Zachary alikuwa na lenzi ndefu ya kuvuta, ile ambayo mtu husimama mbali, akazungusha pete, uso wa bibi harusi ukaja wenyewe. Harusini alikaa upande wa wanaume na Josephine alimwona vizuri kutoka alipokuwa. Kisha ikaja mvua ya El Nino, mto ukaingia mjini, na vitu vya studio vikakaa darini wiki nyingi katika unyevunyevu. Maji yalipotoka, ndani ya lenzi kulikuwa na kuvu, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Kila picha ikawa inatoka imefifia.

Barabara ilipofunguka wakaenda Malindi kwa Karisa, fundi wa saa na kamera. Josephine hakukubali kubaki nyumbani, maana Malindi kuna wanawake wengi. Karisa alitandaza kitambaa mezani, akapanga lenzi tatu za mitumba. Ya kwanza ilikuwa ya kuvuta, nzuri, lakini bei yake iliwafanya wote wawili watazame mlangoni. Ya pili ilikuwa ya kuvuta pia na bei yake nafuu. Josephine akaielekeza kwenye mwanga, akachungulia ndani, akaona uzi mweupe pembeni.

"Hii ina ugonjwa wetu," akasema, akairudisha.

Ya tatu ilikuwa fupi na nyepesi, milimita hamsini, haiendi mbele wala nyuma.

"Hii, mama, kioo chake kinafunguka sana," Karisa akamweleza. "Inakunywa mwanga. Hata ndani ya nyumba inapiga bila flashi. Na kwa anayeanza kujifunza, sina ninayoisifu kuliko hii. Ila haivuti. Ukitaka uso wa mtu ujae kwenye picha, mwendee kwa miguu yako."

"Nimwendee mpaka wapi?"

"Kama mimi na wewe hapa."

Hapo ndipo angeshtuka, lakini alikuwa ameshaipenda. Zachary aliifunga kwenye kamera, Josephine akachungulia, akazungusha pete mpaka akaona kope za Karisa moja moja. "Tuchukue hii, Baba Hudson," akamwambia mumewe. Nataka mkumbuke kwamba ni yeye aliyesema.

Wakarudi Garsen, na moto ukaanza. Zachary sasa alikuwa anawaendea wanawake kwa miguu yake. Alisimama mbele yao karibu kiasi cha kusikia wanavyopumua, akawaambia inua kidevu, geuka kidogo, sogeza mtandio. Josephine alikohoa mpaka nikamtengenezea maji ya tangawizi.

Filamu zilikuwa zikisafishwa Malindi, na picha zikirudi katika bahasha. Josephine ndiye aliyekuwa wa kwanza kuifungua. Siku moja alikuja kwangu mbio, picha mkononi. Alikuwa ni Kadra wa Minjila, mke wa Abdikarim mfanyabiashara wa ng'ombe. Walipigwa jioni, Kadra amekaa mbele, mumewe nyuma yake na fahali wake mwekundu anayempenda. Kadra alionekana mpaka shanga za shingoni, na macho yake yalikuwa laini, yamelegea. Nyuma yake kulikuwa na moshi mwekundu na moshi mrefu mweupe.

"Mama Dado, tazama! Zachary amemfuta kabisa mume wa mtu!"

Nilitazama, na kweli mume hakuwepo. Ningeweza kumtuliza. Badala yake nikamwambia, "Na hayo macho ya Kadra, umeyaona?"

Mchana Abdikarim mwenyewe akafika na fimbo yake, akaiweka picha juu ya meza. "Zachary, mke yangu iko. Ng'ombe iko wapi? Mimi iko wapi?"

Zachary alijieleza. Jua lilikuwa limezama, akaifungua lenzi mpaka mwisho ipate mwanga, na ikifunguka hivyo inashika yule wa karibu tu, wa nyuma wanayeyuka. Ilikuwa kweli tupu, lakini mbele ya Abdikarim na Josephine ilisikika kama kisingizio cha mwizi.

"Mimi nasimama hapo," Abdikarim akasema. "Wewe hapana ona mimi?"

"Muulize tena, baba," Josephine akadakia.

Jioni ile akafunga mzigo wa kurudi kwao, kijiji cha Wema. Alisimama mlangoni, mzigo kichwani, akasema kwa sauti ya kusikika sokoni, "Ama mimi niende, ama wanawake niwapige mimi!" Zachary alicheka, kisha akauona mkeka umekunjwa. Mtu hakunji mkeka kwa mchezo. Kwa kuwa wateja wake wengi walikuwa wanawake, na mke alikuwa ni huyo mmoja, akamshika mkono, akaanza kumfundisha kupiga picha.

Kazi ya kwanza ya Josephine ikawa kurudia ile picha ya Minjila. Abdikarim safari hii alisimama bega kwa bega na mkewe, fahali akasogezwa, lenzi ikafungwa kidogo, wote wakaonekana. Halafu Kadra akataka picha yake peke yake, mlangoni kwake, upande wa wanawake. Zachary akabaki kule kwenye ua. Josephine alisimama ndani, akasogea, akasogea tena, mpaka uso ukajaa. Kadra akamtazama, na macho yake yakalainika taratibu, yakalegea, yale yale.

Josephine akashusha kamera. "Mbona unaniangalia hivyo?"

"Wewe ndiyo anaangalia mimi," Kadra akasema. "Hakuna mtu anaangalia mimi karibu hivi. Hata Abdikarim."

 Josephine akainua kamera tena, akapiga.

Bahasha iliporudi kutoka Malindi nilikuwepo. Josephine aliitazama picha ya Kadra kwa muda mrefu bila kunipa. Nilijua anafikiria ufagio wake na kikohozi chake chote kile. Zachary akaichukua, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaweka kidole juu ya bega la Kadra.

"Huyu nyuma ni nani?"

"Mti," Josephine akasema.

"Mti una shati?"

Tukainama sote. Palikuwa na moshi mwembamba wa buluu, na mkono wa moshi umeinuliwa juu.

"Nilikuwa nakupungia," Zachary akasema. "Nilisimama palepale muda wote. Hukuniona?"

Hakuwa anatania. Josephine, aliyekuwa hajawahi kumwondolea mtu huyo macho hata dakika moja, aliivuta picha, akamtafuta tena.

Siku hizi Josephine ndiye anayeitwa kwenye nyumba za wanawake, Minjila mpaka Hewani, na lenzi yake ile fupi. Zachary anabaki studio na picha ndogo za wanafunzi. Mkewe akirudi, yeye ndiye anayemuuliza alikuwa nyumba gani, walikuwepo nani, na kwa nini wamecheka sana. Bahasha ya Malindi anaifungua yeye kwanza. Na Josephine akikaa na mteja hapo studio kupita kiasi, mimi hapa kwenye cherehani yangu namsikia Zachary, upande wa pili wa mabati, akikohoa.