Mshale Chini ya Thelathini

Kioo cha spidi ya pikipiki ya baba kilianza kuingia ukungu kabla ya macho yake, au ndivyo tulivyopenda kuamini nyumbani. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuamini hivyo. Akirudi safari zake alikuwa anaegemeza pikipiki ukutani, anavua kofia ngumu, na kabla hata ya kuitikia shikamoo yangu anasema, "Mama, hii saa yako imekufa. Sioni kitu humo." Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Na ile aliyoiita saa ilihesabiwa kuwa yangu kwa sababu kila kitu chenye waya na mshale katika familia yetu ni changu. Nina kibanda cha kutengeneza redio na simu karibu na soko la Lushoto, na ndugu zangu wanadhani anayeweza kufungua simu anaweza kufungua hata mawingu.

Baba alikuwa mwinjilisti mpaka alipostaafu. Kazi ya kanisani aliiacha, lakini kazi moja haikumwacha: kupeleka habari za msiba. Kwetu huku milimani mtu mzima haambiwi kifo kwa simu. Simu zipo, hata bibi mkongwe anayo moja kaifunga kwenye pindo la kanga, lakini kumpigia na kumwambia kaka yako hatunaye tena ni kumtupia jiwe. Anatumwa mtu. Mtu huyo anapiga hodi, anasalimia salamu zote bila kuruka hata moja, anaomba maji ya kunywa, ndipo anasema, "Kaa kwanza." Habari inatoka baada ya hapo.

Kutoka Magamba mpaka Gare, mtu huyo alikuwa baba. Alikuwa na pikipiki ya Kijapani, kuukuu, tangi limebabuka rangi, ambayo aliinunua mimi nikiwa bado shule ya msingi. Na alikuwa na sheria yake. Akibeba mbegu za viazi au akienda kwenye kikao cha usharika, aliendesha kama watu wengine. Akiwa na msiba kifuani, mshale wa spidi haukuvuka thelathini, hata barabara iwe tupu na kavu. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini.

"Wale ninaowaendea bado wana mtu wao," alinijibu. "Mimi ndiye naenda kumchukua. Sasa nikimbilie nini?"

Watu waliuzoea mlio ule wa taratibu. Pikipiki ikipita polepole, wanawake waliokuwa wakipalilia waliinua migongo na kusikiliza itakata kona ipi. Mama alikuwa na utani wake, kwamba wenzake wameolewa na wanaume, yeye kaolewa na kengele ya msiba.

Kwa hiyo spidi ile haikuwa pambo, na baba aliposema haioni, nilishtuka zaidi ya nilivyoonyesha. Barabara zetu zina korongo upande mmoja na mlima upande wa pili. Mtu asiyeona mshale ulio kifuani pake ataonaje korongo? Nilichagua kulitengeneza lile lililokuwa rahisi kutengenezeka.

Nilikaa barazani Jumamosi moja na kuifungua. Spidi za zamani hazina skrubu. Zimezungushiwa pete ya bati iliyokunjwa kiwandani, na inabidi uliinue lile kunjo kidogo kidogo kwa bisibisi bapa, ukiwa na papara unapasua kioo. Ndani nilikuta vumbi, kutu, na buibui aliyekufa akiwa ameukumbatia mshale. Kioo nilikisugua kwa dawa ya meno mpaka kikang'aa. Namba nilizipaka upya kwa rangi nyeupe na ncha ya unyoya wa kuku, mshale nikaupaka rangi nyekundu ya kucha, taa yake iliyofifia nikaitoa na kuweka vitaa vidogo vyeupe. Waya wa kutoka gurudumu la mbele, ule unaozungusha mshale, niliuvuta nje, nikausafisha na kuupaka grisi. Nilipomaliza, mama alisema imependeza kama ya Krismasi.

Baba alikaa juu ya pikipiki, akainama mpaka pua karibu iguse kioo.

"Afadhali," alisema.

Afadhali naijua mimi. Ni neno la mtu aliyepewa ugali mbichi ukweni.

Tangu siku hiyo nikawa namwangalia. Alimimina chai pembeni ya kikombe, akamlaumu mama kwa kukisogeza. Alijikwaa kwenye kigoda ambacho kimekaa mahali pamoja tangu nizaliwe. Halafu jioni moja, tukiwa tumesimama njiani, alipita kijana wa jirani, mtoto ambaye baba mwenyewe alimfundisha mafundisho ya kipaimara, na baba akainamisha kichwa na kumwambia, "Shikamoo." Kijana aliduwaa. Aliitikia nini sijui, alipita haraka kama aliyeona jambo lisiloonwa. Baba akaendelea na maongezi.

Mama alisema ni uzee. Nilitaka kumjibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali ni nyepesi ukiwaambia watu wa nyumba nyingine. Nilimfuata baba nikamwomba twende hospitali wakamtazame macho.

"Macho yangu yana nini?" akasema, tena kwa ukali. "Wewe tengeneza saa."

Basi nikaagiza spidi mpya kutoka Tanga. Ilikuja kwa basi, imefungwa kwenye gazeti. Ilikuwa ya kisasa, isiyo na mshale, kioo cheusi kinachoandika namba za mwanga, kila namba kubwa kama kidole gumba. Niling'oa ya zamani na waya wake, nikafunga kisumaku kwenye spoku ya gurudumu la mbele na kidude cha kukisoma pembeni yake, nikapitisha nyaya chini ya tangi. Umeme niliuchukua kwenye swichi ya ufunguo, ili pikipiki ikizimwa na namba nazo zizime, zisinyonye betri. Fundi yeyote angefanya hivyo.

Baba aligeuza ufunguo. Namba zikawaka.

"Sifuri," akasoma. Nikainua mbele na kuzungusha gurudumu kwa mkono. "Tatu," akasema. "Nne. Tano, mama! Tano!" Alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia miezi mingi, na mama akatoka jikoni na mwiko wake kuja kuona. Nilifurahi mno. Nilijiona nimemrudishia baba macho kwa bisibisi.

Haikupita wiki, akafariki mzee mmoja wa usharika wetu, hospitalini. Dada yake anaishi upande wa Irente, na baba akaitwa akampelekee habari. Nilisema nami nashuka mjini kwenye kibanda changu, nikapanda nyuma. Kibandani sikuwa na kazi yoyote siku ile. Nilitaka kuwa karibu na breki.

Ukungu ulikuwa umeshuka mchana huo, ule wa Magamba unaotoka msituni na kumwagika barabarani, unayeyusha miti, unayeyusha kingo, unabaki weupe mtupu mbele yako. Kwenye ukungu kama huo mzima na mgonjwa wa macho ni sawa. Baba aliendesha polepole, nami kupitia bega lake niliziona namba zikisema ishirini na sita, ishirini na saba. Kwenye weupe ule hakukuwa na kitu kingine cha kutazama.

Tukafika mteremko ulipoanzia. Sasa, kwetu mtu akifika kwenye mteremko anazima pikipiki. Anaweka fri, gia isishike, anageuza ufunguo, anaachia. Mlima unatoa mwendo bure, ya nini kuchoma mafuta? Unashuka husikii injini, ni matairi tu na upepo. Baba ameshuka hivyo maisha yake yote, mimi nimeshuka hivyo mgongoni kwake tangu sijaanza shule. Spidi ya zamani haikujali, kwa sababu mshale wake ulizungushwa na gurudumu lenyewe. Na katika wote tuliofurahia namba za mwanga, hakuna aliyekumbuka.

Baba akageuza ufunguo.

Nilihisi mwili wake ukikakamaa. Kisha akakamata breki zote mbili, tairi la nyuma likaserereka kwenye tope, tukaenda upande upande na kusimama tukiwa tumeegemea ukingo wa mlima. Namshukuru Mungu ulikuwa ukingo wa mlima. Baba hakushuka. Alishika usukani kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Mama," akaita. "Uko wapi?"

Nyumbani tunamwita tate, kwa Kishambaa. "Nipo hapa, tate. Nyuma yako."

"Zimeondoka."

"Nini?"

"Namba. Zimeondoka zote." Akavuta pumzi. "Basi. Ndiyo leo."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilichungulia begani kwake, nikaona kioo cheusi, nikauona ufunguo. Nikanyoosha mkono, nikaugeuza.

"Umezima swichi, tate. Ni swichi tu."

Namba ikawaka: sifuri. Aliitazama. Nilingoja acheke, nilitaka sana acheke, tuende tukamhadithie mama na yeye acheke. Hakucheka. Machozi yalimshuka taratibu wala hakuyafuta.

"Nilikwenda kwa daktari wa macho kabla ya Pasaka," akasema. "Peke yangu. Ni presha ya macho. Yaliyokwenda hayarudi, na yaliyobaki yanakwenda. Ananipa dawa ya matone, natia nikiwa chooni msinione. Nikajiambia, maadamu naisoma saa, naendesha. Siku nisipoisoma, naacha."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake, kwamba angetutumbukiza korongoni, kwamba ametufanya sote wajinga, mimi na rangi yangu ya kucha na namba zangu kutoka Tanga. Sauti yangu iliishia kwenye ukungu. Nilipoishiwa nikauliza lile moja tu.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nilikuwa njiani nawaletea," akasema. "Polepole."

Niliweka paji la uso kwenye koti lake lenye harufu ya moshi na mvua, nikalia.

Alipohisi nimenyamaza, alishuka kwa kupapasa, akashika tandiko. "Kaa mbele," akasema. "Yule mama wa Irente anahitaji kuambiwa leo." Nikakaa mbele. Yeye akapanda nyuma, nilipokuwa nimekaa mimi miaka yote ile, akanishika mabega.

Kule Irente baba alifanya kazi yake yote. Alipiga hodi, alisalimia, aliuliza mifugo na mashamba, aliomba maji. Mwenyeji alikuwa ameshaanza kulia alipoleta kikombe, maana baba hajawahi kufika kwake kwa kunywa maji tu. "Kaa kwanza," baba akamwambia. Nilisimama kando ya pikipiki na kuitazama mikono yake, jinsi ilivyokitafuta kikombe hewani mpaka yule mama, na msiba wake, akakiweka katikati ya viganja vyake.

Spidi ya zamani niliirudisha baadaye, na waya wake, na mshale wake mwekundu. Ninayeisoma ni mimi sasa. Lakini siku ile tulipanda kurudi nyumbani na zile namba za mwanga. Ukungu ulikuwa umeinuka, barabara iko wazi, injini inavuta vizuri, na mimi nilitaka kufika. Nilitaka kulitua lile jambo kwa mama, tulibebe watu watatu. Tulipoikaribia kona ya nyumbani nilihisi mikono ya baba ikikaza mabegani mwangu.

"Inasoma ngapi?" akaniuliza sikioni.

"Arobaini na mbili."

"Punguza," akasema. "Mama yako bado hajajua."

Nilipunguza. Thelathini na tano. Thelathini. Ishirini na nane. Mlio wa injini ukashuka ukawa ule ule ambao kilima kizima kinaujua, na tulipokata kona kuingia kwetu mama alikuwa ameshasimama uani, mikono ina unga, kanga kaivuta mabegani.

"Ni nani?" akauliza.

Baba alishuka, akaisogelea sauti yake. Akamsalimia kwanza, habari za mchana, habari za hapa. Akaomba maji ya kunywa. Mama hakwenda kuyaleta. Alinitazama mimi, nikatazama chini.

"Kaa kwanza," baba akamwambia.