Loretta na Bwawa la Marehemu

Kila Mei, kabla ya sikukuu ya Marekani ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, jirani yangu Loretta Hruska hufungua bwawa la kuogelea lililosimama juu ya ardhi nyuma ya nyumba yake, yaani huliondolea turubai linalolifunika wakati wa baridi. Yeye haogelei. Marehemu mumewe ndiye aliyelinunua, na watoto walishahama kutoka hapa Ohio. Mwaka huu aliapa kulibomoa.

Jumamosi mwanawe Craig akapiga simu. "Mama, bwawa tayari? Tunakuja na watoto."

"Mgongo unaniuma, Craig. Nimeamua liondolewe."

"Acha utani! Laiti Baba angekusikia! Wewe ni chuma, Mama."

"Basi njoo tulifungue pamoja."

"Leo nina gofu. Jumatatu ya sikukuu tutakuwa hapo."

Craig anampenda mama yake, lakini upendo usioinua hata ndoo mimi nauita uvivu. Loretta naye angeweza kukataa. Badala yake alianza kuvuta turubai kabla pampu haijamaliza kunyonya maji na majani yaliyotuama juu yake tangu baridi. Likamponyoka, na majani yaliyooza yakamwagika bwawani, maji yote yakawa meusi.

Simu ikaita tena. "Vipi maji, Mama?"

"Yatakuwa safi," akajibu, akaenda kuchukua wavu wa kuopolea majani.