Wimbo wa Dada Yangu Kwenye Tangazo la Nyumba

Miaka hiyo ya elfu mbili nilifanya kazi za ndani Dubai kwa mzee mmoja Mwingereza. Ujanani alitunga nyimbo za roki zilizovuma kwao, kisha akawa prodyuza wa kurekodi wengine. Nilipomkuta, kwao hakuna aliyemtafuta tena. Alikuwa akitengeneza muziki wa matangazo ya maghorofa mapya, na studio yake ilikuwa chumba cha nyuma, kuta zimefunikwa sponji.

Nikimpelekea chai alipenda kunisimulia jinsi rafiki yake wa bendi alivyochukua wimbo wake wa kwanza na kuutoa kwa jina lake peke yake.

"Mpaka leo nikiusikia redioni, nazima," aliniambia.

Nilimwonea huruma kwelikweli.

Asubuhi moja nilikuwa napiga deki huku naimba kwa sauti ya chini. Akachungulia kutoka studio.

"Huo wimbo ni wa nani?"

"Wangu, sir. Nilimtungia marehemu dada yangu."

Akaniweka mbele ya maikrofoni, aproni ikiwa bado kiunoni. Niliimba mara tatu, naye amefumba macho. Siku hiyo nilijiona mtu.

Miezi michache baadaye, nikiwa dukani mtaa wa Naif na rafiki yangu Mganda, runinga ikaonyesha tangazo la nyumba za kifahari. Gitaa lilikuwa lake. Sauti ilikuwa yangu. Jina la dada yangu, nililoliita kwenye kiitikio, walikuwa wamelikata, ikabaki "aaa" tupu juu ya picha ya bwawa la kuogelea.

"Si ni wewe huyo!" rafiki yangu akapiga makofi. Mimi niliacha vitu kaunta, nikarudi kwa mzee.

Nilimkuta studio, nikamwambia, "Sir, ule ni wimbo wangu."

"Wewe ulikuwa unaimbaimba tu. Mimi ndiye niliyeufanya ukawa wimbo."

"Na yule rafiki yako wa bendi, naye alikuambia hivyo?"

Akaweka kikombe chini. Uso ulimwiva. "Viza yako iko mikononi mwangu. Khalas, yameisha."

Nilikaa naye mwaka mzima zaidi, kwa sababu nyumbani walinitegemea. Habari za yule rafiki hakuzitaja tena. Kanisani siku za Ijumaa, ndiyo siku ya mapumziko kule, nilisimama na kwaya, nikifungua mdomo bila kutoa sauti.

Halafu siku moja akanifuata jikoni, mpole kama mgeni. "Una nyingine kama ile?"

"Hapana, sir."

Nilikuwa nazo kumi na moja.