Nta ya Mwasiti na eda ya Hamisa

Mwasiti ukimpa kitu akutengenezee, atakitengeneza mpaka akuudhi. Nayasema haya mimi jirani yake, ukuta kwa ukuta hapa Mikindani, na sijamsingizia. Akisuka mkeka ukapinda kidogo tu, anaufumua wote, na wewe uliyeagiza utalala chini mpaka bibi aridhike. Ukimwambia, "Jamani, si unalalika tu huo?" anakutazama kama umemtukania mama yake.

Mwaka wenyewe ni ule wa msako wa walanguzi, wakati sabuni ilikuwa kwa foleni na mgambo wanafunua mpaka vyungu vya watu kuona umeficha nini. Mdogo wake Mwasiti, Omari, alikuwa amefariki kwa homa, akamwacha mkewe Hamisa ndani ya eda. Mwasiti ndiye aliyekaa naye nyumbani, akimpikia, akimtekea maji, akiwafukuza wageni wasio na haya. Ni wifi na wifi, lakini ungedhani wamenyonya ziwa moja. Na Hamisa aliikaa eda yake sawasawa. Wanja hakupaka, hina hakupaka, manukato hata kuyasogelea hakuyasogelea. Alichokuwa nacho ni mafuta ya nazi matupu ya kupaka miguu, maana miguu ilikuwa inampasuka, na aliyaweka kwenye kikombe kidogo cha bati kando ya kitanda.

Sasa, katikati ya eda hiyo ikaja harusi. Mwasiti ni somo, kungwi wa watu, na kuna mwali wake mmoja wa Mtwara mjini alikuwa anaolewa. Mama wa mwali akaja kumlilia. Binti ana pumu, moshi wa udi unamkaba roho, na chumba cha fungate kitanukiaje bila udi? Bibi harusi wa pwani akae siku saba ndani chumba kinanuka dagaa? Mwasiti angeweza kusema, mwenzangu, nina msiba, tafuteni mwingine. Hakusema. Kazi ngumu ikimfikia masikioni, yule anasahau kama ana msiba.

Akabuni jambo. Nta ya nyuki aliipata kwa Wamakua wa Mpapura. Akaiyeyusha, akaitia mafuta aliyolowekea asumini, unga wa udi kidogo, karafuu ya kutwanga. Nta hiyo ukiiweka juu ya chetezo chenye makaa ya majivumajivu, inayeyuka polepole, inanukia chumba kizima, na moshi hauuoni. Mashallah, hilo alilipatia. Kilichomshinda ni chombo cha kuiwekea.

Wee, niache nicheke. Alianza na vizibo vya soda, vikazama kwenye makaa, rangi ya kizibo ikaungua, chumba kikanuka gereji. Akaja na mkebe wa dagaa. Huo ukawa mpana, ukaning'inia pembeni mwa chetezo, ukapinduka, nta ikamwagika kwenye moto, ukalipuka ulimi wa moto nusura uunguze paa. Kifuu cha nazi kikaungua chenyewe. Akakusanya karatasi za ndani ya pakiti za sigara, zile za kung'aa, kumbe nyuma zina karatasi ya kawaida, nazo zikashika moto. Mimi huku ng'ambo ya ukuta nakohoa tu, maana alikuwa anachoma makumbi ya nazi makusudi ili moshi ufunike ile harufu. Nikampigia kelele, "Mwasiti, unatufukiza sisi mbu?" Akanijibu kwamba anakausha samaki. Samaki gani, na foleni ya samaki naijua?

Alikuwa anaficha, na alikuwa na sababu. Kwanza, watu wangesema anapika harusi juu ya matanga ya ndugu yake wa tumbo moja. Pili, jaribosi yenyewe, ile bati laini ya kung'aa kama ya sigara lakini safi, isiyo na karatasi nyuma, aliipata kwa Waziri, muuzaji wa duka la ushirika. Majani ya chai yalikuwa yanakuja kwenye makasha ya mbao, ndani yametandikwa jaribosi nene. Waziri akambandulia, akamfungia kwenye gazeti, akamwambia, "Dada, ukikamatwa nayo, mimi sikujui." Siku zile mali ya duka ikionekana kwako nje ya mgao, hata iwe takataka, una maelezo ya kutoa.

Jaribosi akaipata, ikabaki saizi. Alihitaji kitu cha kuikandamizia ili itoke vikombe vya kukaa sawasawa kwenye mdomo wa chetezo, visizame wala visipinduke. Kikombe cha kahawa kilikuwa chembamba. Bilauri ilikuwa na kina kirefu, nta ya chini inaungua na ya juu bado ngumu. Alipita nyumbani kwangu akapima mpaka kifuniko cha birika langu, nikamwambia, bibi wee, bado meno yangu tu hujayapima.

Halafu mchana mmoja akainama kuokota bakuli la uji chumbani kwa Hamisa, akakiona kile kikombe cha bati. Hamisa alikuwa amelala. Mwasiti akakichukua, akayamimina mafuta yake kwenye bakuli, akaenda nacho jikoni kukipima. Kilikaa kwenye mdomo wa chetezo kana kwamba vilinunuliwa pamoja. Mwenyewe anasema alicheka peke yake kama mwehu.

Kazi yake ilikuwa hivi. Anakandamiza jaribosi ndani ya kikombe, anamimina nta humohumo, ikipoa anaitoa na vazi lake. Jaribosi ikikunjwa huwa inapasuka vitundu usivyoviona. Mafuta ya asumini yakapenya. Alipomaliza alikisugua kikombe kwa jivu na ndimu, akakinusa, hakusikia kitu. Asingesikia. Mtu aliyeshinda na asumini tangu asubuhi pua yake ilikuwa imekwisha kazi. Akarudisha mafuta kikombeni, akakiweka kando ya kitanda.

Jioni Hamisa akamwita. "Wifi, mbona mafuta yangu yananukia?"

"Yananukia nini?"

"Kama asumini."

Hapo ndipo. Ingetosha aseme, samahani wifi, niliazima kikombe chako, lete nikubadilishie mafuta. Basi, hadithi imekwisha, mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini akamkumbuka Waziri, akawakumbuka mgambo, akakumbuka midomo yetu sisi wanawake wa mtaa, na midomo yetu ni ya kukumbukwa. Akasema, "Nazi ilikuwa changa, ndivyo zinavyonukia. Paka tu."

Hamisa akapaka.

Ijumaa ikafika, siku ya kuja kumpa pole mfiwa. Tulikuwa wengi. Akaingia Bi Mwajuma, shangazi yao Mwasiti na marehemu, mkubwa wa ukoo. Mwanamke yule akikuamkia tu unajikagua kama umevaa vizuri. Hamisa alikuwa amekaa mkekani, amenyoosha miguu. Bi Mwajuma akainama kumpa mkono, akasita. Akanusa. Akainama tena, akanusa, sote tunaona.

"Hamisa, umejitia nini?"

"Mafuta ya nazi, shangazi."

"Nazi ya wapi hiyo inayotoa asumini?"

Hamisa akainua macho, akamtazama Mwasiti. Nilikuwepo, nililiona jicho lile. Hakumtazama kwa kumshitaki, alimtazama kama unavyomtazama mtu anayekaribia kukujibia. Mwasiti akatazama mkeka. Mkeka aliousuka mwenyewe, eti anautazama kama mgeni.

"Mwanangu yuko mchangani hata majani hayajaota," Bi Mwajuma akasema, "na wewe unanukia. Unamnukilia nani?"

Hamisa akaivuta miguu yake chini ya kanga. Na sisi tukabeba. Astaghfirullahi, tulibeba kweli! Kabla ya alasiri Mikindani nzima ilikuwa imeshampata huyo mwanamume. Wengine wakasema ni mvuvi, wengine karani wa Mtwara, mwingine akaapa amemwona mtu anaruka ua. Ua lenyewe ni langu, na halikurukwa hata na paka. Bi Mwajuma akakata maneno: mke wa namna hiyo hawezi kumalizia eda kwenye nyumba ya mwanawe, arudi kwao Mpapura. Mjane katolewa edani! Mimi tangu nizaliwe sijaona. Alipakiwa kwenye lori la korosho, amejifunika gubigubi, na watoto wa mtaani wanaziba pua wanacheka. Mwasiti ndiye aliyemfungia mzigo. Anasema mikono ilikuwa inafunga na nafsi inamsuta, sema sasa, sema lori halijaondoka, na mdomo hakuufungua.

Harusi ya Mtwara ikafana. Vile vikombe alivipeleka ndani ya kapu, juu kafunika makopa ya muhogo, na wanawake wa mjini wakachanganyikiwa. Chumba kinanukia, moshi hamna, bwana harusi hataki kutoka! Wakamsifu Mwasiti mpaka wakamshonea vazi. Aliporudi nikamwuliza habari za harusi, akaangua kilio. Nikadhani amemkumbuka ndugu yake, nikambembeleza weee, mpaka nikachoka.

Ikawa chakula hakimpiti. Alikonda, kanga zikamwelea. Kila jina la Hamisa likitajwa kisimani, anatua ndoo na kuondoka. Sisi tukasema maskini, anaona aibu kwa ajili ya wifi yake. Tulimwonea huruma yeye! Anasema huruma yetu ilikuwa inamchoma kuliko tungempiga mawe.

Mwisho akapanda lori, akaenda Mpapura. Alimkuta Hamisa nyuma ya nyumba ya mjomba wake anamenya muhogo, bado yuko kwenye eda yake, kajitanda vilevile. Mwasiti akapiga magoti kwenye maganda, akalia, akasema yote. Kikombe, nta, jaribosi ya Waziri, uongo wa nazi changa. Hakubakisha.

Hamisa akaendelea kumenya. "Nilijua, wifi."

"Ulijua?"

"Nilijua tangu jioni ile. Nazi changa! Mimi nimezaliwa kwenye minazi, na jaribosi yako niliiona jikoni."

"Sasa mbona ulipaka? Mbona hukusema mbele ya shangazi?"

"Nilipaka kwa kuwa uliniambia nipake. Nikisema, mgambo wanakuchukua, na ukichukuliwa wewe, nani ananitekea maji? Nikasema moyoni, acha aseme mwenyewe. Nikakungoja pale mkekani. Nikakungoja mpaka kwenye lori."

Mwasiti akamshika miguu. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi nimekupa, chukua." Hapo ndipo alipoweka kisu chini. "Lakini Mpapura hakuna aliyenisema, wifi. Nimesemwa Mikindani. Umepanda lori mpaka huku kuja kumwambia mtu pekee ambaye anajua. Wasiojua umewaacha kulekule."

Hakumfukuza. Alimpa maji, akampa muhogo wa kuchemsha. Mwasiti anasema muhogo ule hakuweza kuumeza, na lori la kurudi lilichelewa, wakakaa wawili wakimenya muhogo mpaka likaja.

Alishuka kwenye lori akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwajuma. Ilikuwa siku ya maulidi, ukumbi umejaa wanawake, mimi nikiwa karibu na mlango kwa ajili ya upepo. Akasimama katikati yetu na vumbi lake la safari. Akasema, "Hamisa hakujitia kitu. Harufu ile ni ya kwangu." Akaeleza tangu mwanzo, mpaka jaribosi. Jina la Waziri tu ndilo alilolimeza, na kesho yake mgambo walikuja kwake kweli, wakamweka ofisini kutwa, wakamtoa jioni kwa kuwa hawakupata cha kumshikia.

Mnadhani yaliishia hapo? Bi Mwajuma alilia, hilo nitamtetea. Alituma watu Mpapura kumrudisha Hamisa kwa heshima, na Hamisa akawajibu kwa adabu kwamba eda yake anaimalizia alipo. Hakurudi tena. Lakini sisi wengine, loo! Ule uongo ulikuwa mtamu, una mwanamume anaruka ua, na ukweli una kikombe tu. Tena wapo walioolewa wakaletwa hapa miaka ya baadaye, hata sura ya Hamisa hawaijui, nao utawasikia: "Nasikia kulikuwa na mjane hapa alinukia edani."

Mwasiti sasa mzee, macho yamepungua, masikio hayajapungua. Akilisikia neno hilo, iwe kisimani, iwe kwenye ngoma ya watu, iwe msibani katikati ya kisomo, atanyanyuka. Wenzake watamvuta kanga, "Bi Mwasiti, kaa, yamekwisha hayo." Hakai. Anamgeukia aliyesema, mtoto wa juzi asiyemjua hata jina, na anamwanzia moja: "Mwanangu, yule hakunukia. Aliyenukia ni mimi."