Kiwanda Changu cha Barazani

Niligundua kwamba ninamiliki kiwanda asubuhi moja nikiwa nashona pindo la suruali ya shule, hapa mtaani kwetu Mabatini. Afisa maendeleo wa kata alisimama barazani kwangu, akaitazama cherehani yangu, akaandika.

"Hongera, mama. Wewe ni kiwanda kidogo."

"Cherehani moja?"

"Kiwanda ni kiwanda. Tumepangiwa idadi, na huko juu wanapima idadi."

Akabandika karatasi mlangoni, akaendelea kwa majirani. Siku hiyo mtaa wetu ulipata viwanda vitatu: mimi, dada mmoja Mhaya mwenzangu, na mzee mmoja Mwislamu ambaye ukoo wake umeshona kanzu mjini hapa tangu enzi za babu yake. Hakuna aliyekuwa na cherehani ya pili. Nilicheka. Afisa hakucheka.

Miezi kadhaa baadaye shule za jirani zikatafuta washonaji wa sare. Sare zilikuwa nyingi, mtu mmoja asingeziweza. Mzee akashauri tuungane na kuomba ukumbi wa kata, uliojaa viti vibovu tu, tushonee humo. Tukaandika barua, tukavaa vizuri, tukaenda ofisini.

"Shikamoo, mzee," afisa alisema, kisha akaisoma barua mara mbili. "Mkiungana mtakuwa viwanda vingapi?"

"Kimoja," mzee alijibu kwa fahari. "Lakini cha kweli. Tutaajiri watu kumi."

"Mimi sipimwi kwa watu kumi. Nimesharipoti vitatu. Mnataka nionekane nimeua viwili?"

Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yule. Alikuwa msomi, tai imekaa sawa, na hakuona ajabu yoyote katika maneno yake.

"Kwa hiyo tukibaki hohehahe, ilimradi tuko wengi, wewe unapanda cheo?" nilimuuliza.

Akaniambia nisilete siasa ofisini.

Ukumbi hatukupewa. Sare zilikuja kwa lori kutoka Dar, zimeshonwa ovyo hata vifungo vinadondoka, na wazazi hutuletea tuzirekebishe. Afisa alipandishwa, yuko wilayani. Aliyechukua nafasi yake hapa kata amepangiwa idadi nyingine: vikundi vya wajasiriamali. Juzi alisimama mlangoni na daftari lake, akaniomba niwaandikishe wanangu kuwa kikundi, akaniahidi kwamba hatutalazimika kufanya chochote.

Nilimwambia asogee kando, ananizibia mwanga.